Siku Haizimi Alipopanda

Fundi mmoja wa injini za ndege ndogo alikuwa na sifa moja tu maishani, lakini aliitangaza kwa nguvu za watu kumi: kwa miaka ishirini na sita hakuna injini iliyopita mikononi mwake ikazimika angani. Hata moja. Ukimsalimia asubuhi, utaisikia habari hiyo. Ukimwuliza choo kiko wapi, utaisikia kwanza, halafu ndiyo akuonyeshe choo. Watu wakamwita Haizimi. Mwenyewe alipenda kusema kwamba jina hilo alipewa, ingawa waliomfahamu tangu zamani walikumbuka vizuri ni nani aliyelianzisha.

Banda lake lilikuwa mwishoni mwa uwanja, la mabati, lenye meza ndefu iliyojaa plagi kuukuu na makopo ya skrubu. Ndege zilikuwa saba, za viti viwili au vinne, mali ya watu wenye kazi zao nyingine waliokuja Jumamosi kuruka. Haizimi aliwapenda watu hao, ila hakuwaamini hata chembe. Kwa maoni yake injini haina ugomvi na mtu. Mtu ndiye anayeichokoza.

Ndiyo maana aliweka daftari. Lilikuwa na jalada jeusi lililolowa grisi, nalo lilining'inia kwa kamba kando ya mlango. Kila rubani aliyepata mkasa kwa kosa lake mwenyewe alitakiwa aandike humo kwa mkono wake alichokifanya, kisha Jumatatu saa nne, watu wakiwa kwenye chai, asimame na kusoma kwa sauti. Haizimi ndiye aliyeitunga sheria hiyo, na hakumwonea mtu huruma. Mwalimu wa hesabu aliandika kwamba injini ilinyamaza kwa kuwa tangi la kushoto lilikauka, kwamba tangi la kulia lilikuwa limejaa pomoni, na kwamba hesabu zake zote zilikuwa sahihi isipokuwa alisahau kugeuza koki ya mafuta. Daktari wa meno aliandika: "Nilikinga mafuta kwenye gilasi nione kama yameingia maji. Nilitafuta mstari kati ya maji na mafuta, sikuuona, nikafurahi. Kumbe gilasi nzima ilikuwa maji." Daktari alitua salama kwenye bonde la nyasi, lakini siku aliyosoma watu walicheka mpaka chai ikawatoka puani, na wiki tatu nzima hakukanyaga bandani.

"Sasa hizo si zilizimika?" mgeni angeuliza.

Haizimi angemtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Hizo hazikuzimika. Hizo zilizimwa na watu."

Mlangoni alikuwa ameandika pia kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa kiganja: USIINGIE NA KITU KISICHOFUNGWA. Alisimama hapo Jumamosi asubuhi akiwapekua marubani mifukoni, akiwanyang'anya kalamu, funguo, chupa za maji, na siku moja kitana. Kitu kinachozurura ndani ya ndege, alisema, lazima kitafute mahali pabaya pa kukaa.

Huyo ndiye Haizimi aliyejulikana. Sasa niseme lile asilolitangaza. Tangu azaliwe, fundi huyu hakuwahi kupanda ndege hata mara moja.

Udhuru wake ulikuwa mtamu, tena ulishazeeka ukawa kama elimu. "Fundi akipanda," alisema, "nani atabaki chini kuisikiliza?" Na kweli alisikiliza. Ndege ikiruka alisimama nje, kichwa kimeinama upande, jicho moja amelifumba, mpaka mlio upotee. Wageni walimwona mtaalamu. Mke wake, ambaye ni mshonaji na ameishi naye miaka thelathini, alimwona mwoga. Alijua kwamba mume wake akishikwa na hofu lazima ashike kitu. Kwa daktari alishika koti la daktari. Siku binti yao wa mwisho alipozaliwa, alishika mpini wa mlango wa wodi kwa saa tano, na wauguzi wakawa wanapita dirishani.

Binti huyo wa mwisho, aliyeitwa Kitinda na kila mtu, ndiye aliyemletea baba yake balaa. Alikulia bandani akichezea pangaboi mbovu, na alipokua hakutaka kushika spana. Alitaka usukani. Akasoma, akafaulu, akapata leseni, na cheti chake kikatundikwa ukutani penye vyeti vya wenzake. Chini ya kila cheti palikuwa na kibao kidogo cha jina la abiria wa kwanza wa rubani huyo. Wengine walikijaza siku hiyohiyo. Cha Kitinda kilikaa kitupu wiki sita.

"Kuna watu wanajitolea," Mkufunzi Mkuu alimwambia. Huyu alikuwa mama mfupi, mkali, aliyewafundisha kuruka wote waliokuwa pale. "Mwalimu wa hesabu yuko tayari hata sasa hivi."

"Abiria wangu wa kwanza ni Baba," Kitinda alijibu. "Bila yeye sibebi mtu."

Haizimi alisikia, akajificha nyuma ya injini. Wiki ya kwanza alisema mgongo unamsumbua. Ya pili ikawa sikio. Ya tatu alisema upepo haumridhishi, siku ambayo hata moshi wa jiko ulipanda wima. Mambo yalimfika shingoni wiki ya sita, pale kampuni moja ya kubeba vifurushi na wagonjwa ilipotafuta rubani kijana, na Mkufunzi Mkuu akaahidi kumwandikia Kitinda barua.

"Nitaituma Jumatatu mchana," alisema. "Lakini wanataka mtu aliyekwisha kubeba abiria. Fundi, unanisikia? Najua uko nyuma ya hiyo injini."

Basi Jumamosi asubuhi Haizimi alipiga moyo konde. Aliikagua ndege ile ya viti viwili mara tatu. Alikinga mafuta kwenye gilasi, akayanusa, akayapaka kidoleni. Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo lilimsikitisha kidogo. Kisha, alipoitwa apande, mguu ukagoma. Akasema amesahau miwani, akarudi bandani, akatoka na begi lake la spana.

Begi hilo la turubai, lenye kamba ndefu ya kubebea, lilikuwa zee kuliko binti yake. Alilisukuma ndani haraka, akalilaza sakafuni kati ya miguu yake na kiti cha Kitinda, akalifunika kwa miguu ya suruali yake. Yeye aliyenyang'anya watu kitana! Lakini bila spana zake alijiona yuko uchi, na mtu aliye uchi hana muda wa kusoma vibao vya mlangoni.

Kitinda alikuwa akifunga mlango wa upande wake, hakuona. Akamfunga baba yake mkanda, akamuuliza, "Uko sawa?"

"Niko sawa," alisema Haizimi, akiwa amefumba macho yote mawili.

Waliruka. Kwa dakika tano mambo yalikwenda vizuri, kwa maana ya kwamba Kitinda alirusha ndege na Haizimi hakutapika. Alifumbua jicho moja akaona mapaa ya nyumba, barabara, mashamba ya kijani na ya kahawia. Karibu atabasamu. Ndipo Kitinda akaikata kona, bawa moja likaelekea chini upande wa baba yake, na dunia yote ikaja dirishani kumchungulia. Haizimi alihitaji kitu cha kushika. Akaliinamia begi, akalivuta kwa nguvu zake zote mpaka mapajani, akalikumbatia.

Sakafuni katikati ya viti vya ndege ile pana mkono mdogo wa chuma. Hiyo ndiyo koki ya mafuta. Kamba ya begi ilikuwa imejiviringa hapo, na begi lilipovutwa, koki iligeuka nalo. Mafuta yakakatwa. Injini haikusema neno wakati huohuo, maana bado ilikuwa na akiba kidogo kwenye kabureta. Ilikwenda kwa muda wa mtu kufunga viatu vyake vyote viwili. Kisha ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Pangaboi iliendelea kuzunguka polepole kwa upepo tu. Nje palisikika mvumo, kama wa mtu anayepuliza kwenye chupa.

Kitinda alishusha pua ya ndege kidogo, akatazama kipimo cha kasi, akatazama chini. "Shamba lile la alizeti lililovunwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayechagua kitambaa dukani. "Tunakwenda pale. Sasa nakagua. Koki kwanza. Baba, ondoa begi."

Haizimi hakusikia. Alikuwa anaisikiliza injini, na injini haikuwepo ya kusikilizwa. "Ni sumaku ya cheche!" alisema. "Hapana. Ni kabureta imeganda. Hapana, leo kuna joto. Ni plagi ya tatu, mimi ile plagi ya tatu sikuipenda tangu jana!"

"Baba, ondoa begi."

"Ningekuwa nje ningeifungua mara moja!"

"Nje ni mbali, Baba. Ondoa begi."

Mara hiyo ya tatu Kitinda alimpiga kofi gotini, kofi hasa, na Haizimi akainua miguu kama anayefagiliwa. Mkono wa Kitinda ukashuka, ukapapasa, ukaikuta koki. Ukatulia hapo kidogo. Lakini sasa miti ya mpakani mwa shamba ilikuwa imeshakuwa mikubwa, majani yakihesabika.

"Tumeshakuwa chini," alisema Kitinda. "Sijaribu kitu tena. Naliendea shamba langu. Fungua mlango wako kidogo usikwame tukitua, halafu kaa kimya."

Haizimi akafungua mlango, akakaa kimya, jambo ambalo mke wake hakuliamini alipohadithiwa. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Mabua ya alizeti yakapigapiga chini ya ndege kama watu mia wanaobisha hodi pamoja. Wakatikisika, wakatikisika, wakasimama.

Mwenye shamba, mama mmoja mwenye jembe begani, alikuja taratibu, akaizunguka ndege, akawatazama wote wawili.

"Wenzenu hupita njiani," alisema. "Mzima, mwanangu? Na mzee? Mzee mbona hatoki?"

Mzee alikuwa anavuta begi lake na begi lilikataa. Kitinda alikuwa ameshashuka kwenda kutazama magurudumu. Haizimi akainama aone kinachozuia, na hapo ndipo alipoiona kamba yake, imejiviringa mara mbili kwenye koki, na koki imelala upande wa kufungwa.

Alijua palepale. Fundi wa miaka ishirini na sita hahitaji kuelezwa. Akaitegua kamba, akalitupia begi begani, akashuka. Alikuwa na neno mdomoni, na wallahi alitaka kulisema, ila Kitinda ndiye aliyewahi.

"Baba, koki niliikuta imefungwa. Labda ni mimi. Labda kabla ya kuruka niliifungua nusu, ikajirudi yenyewe."

Mtoto huyu ndiyo kwanza amemshusha kutoka mbinguni bila mkwaruzo. Na Haizimi, baba mzima mwenye ndevu, alisema, "Tutaona."

Mkufunzi Mkuu alikuja na gari kuwachukua. Aliikagua ndege, akamsikiliza Kitinda, akamtazama kwa muda mrefu. "Umetua vizuri sana," alisema. "Lakini kama kosa ni la rubani, barua siwezi kuituma. Itabidi wakati mwingine. Utaandika kwenye daftari, Jumatatu utasoma, kama wengine wote."

Kitinda akaitikia kwa kichwa. Haizimi alikaa kiti cha nyuma, amelikumbatia begi njia nzima.

Nyumbani mke wake aliweka chakula mezani, akahadithiwa yote na Kitinda, akamshika binti yake mashavu, akalia kidogo, akacheka kidogo. Kitinda alipokwenda kuoga, yule mama alizima cherehani yake, akamgeukia mumewe.

"Na wewe, baba watoto, huko juu ulikuwa umeshika nini?"

Haizimi alijibu kwamba wali una chumvi nyingi.

"Sijakuuliza wali. Nimekaa na wewe miaka thelathini. Ulishika nini?"

Haizimi akaondoka mezani. Jumapili nzima alishinda uani akizinoa bisibisi, kitu ambacho bisibisi hazihitaji. Alijipa sababu nyingi. Kitinda bado mdogo, kazi zitakuja nyingine. Yeye amebakiza miaka minne astaafu, na jina likishavunjika halifungwi kwa nati. Watu watajua kuwa fundi wao anaogopa ndege! Daktari wa meno atacheka mpaka ang'oke meno yake mwenyewe. Alizinoa mpaka moja ikakatika ncha, na bado aibu haikumtoka.

Jumatatu saa nne watu walijaa bandani. Wote walikuwepo, hata wasiofanya kazi pale, maana habari ilikuwa imetambaa. Daktari wa meno alifunga kliniki yake asubuhi hiyo. Kitinda alilitungua daftari, akaliweka juu ya meza kati ya plagi, akashika kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika: "Mimi, rubani wa..."

Haizimi alikuwa amesimama kando ya birika. Aliiona shingo ya binti yake imeinama juu ya daftari lile, daftari alilolitunga yeye ili watu wengine waone haya. Akatua kikombe, akaenda, akaichomoa kalamu mkononi mwake.

"Baba, niache nimalize."

"Mwandiko wako mbaya," alisema. "Sogea."

Akaufuta ule mstari. Akaandika kwa muda mrefu, ulimi nje, kama mwanafunzi. Kisha akasimama wima, akavaa miwani, akasoma kwa sauti iliyopasuka mwanzoni ikanyooka baadaye.

"Mimi, fundi. Jumamosi nilipanda ndege na begi la spana lisilofungwa, chini ya kibao nilichokiandika mimi mwenyewe. Kwenye kona nilishikwa na woga, nikalivuta begi, kamba ikafunga koki ya mafuta. Rubani aliniambia mara tatu niondoe begi, mimi nikawa namweleza habari za plagi. Injini ilikuwa nzima. Rubani hakukosea kitu. Injini haikuzimika. Nimeizima mimi. Tena niliijua kamba tangu shambani, nikanyamaza siku mbili. Na nyote mjue kwamba miaka hii yote sikuwa nabaki chini kusikiliza. Nilikuwa naogopa."

Birika likasikika likichemka. Halafu daktari wa meno, ambaye alikuwa na haki kuliko wote, akaanza kucheka, na banda zima likafuata. Walicheka wakashikana mabega, mwalimu wa hesabu akamwaga chai, na Haizimi akasimama katikati, masikio yamemwiva, akingoja kuumia. Ajabu ni kwamba haikuuma kama alivyodhani. Mkufunzi Mkuu alifuta machozi kwa kiganja, akaliomba daftari, akaisoma tena sehemu ya rubani, kisha akatoka kwenda kuituma barua.

Watu walipotawanyika, Kitinda alibaki akikusanya vikombe.

"Ile kamba niliigusa, Baba," alisema bila kugeuka. "Nilipopapasa koki. Nilijua kulekule juu."

Haizimi akakosa mahali pa kuweka mikono. "Ulijua? Na ulitaka kuandika kuwa ni wewe? Na kazi je?"

"Kazi zitakuja nyingine." Akavipanga vikombe ndani ya beseni kimoja kimoja. "Ningesema mbele za watu, usingepanda tena na mimi mpaka unakufa. Nakujua wewe."

Haizimi akamsaidia kubeba beseni.

Jumamosi iliyofuata marubani wote walijipanga mlangoni, chini ya yale maandishi mekundu, wakampekua fundi wao. Walikuta kalamu, nati mbili na kipande cha waya. Mke wake, aliyekuja na kanga yake mpya kama anayekwenda harusini, aliwaambia, "Soksini." Wakatoa bisibisi ndogo isiyo na ncha. Kibao chini ya cheti cha Kitinda kilikuwa kimeshaandikwa kwa rangi nyeupe neno moja: Baba.

Waliruka. Alikaa mikono mitupu juu ya magoti, vidole vikitafuta kitu, visipate. Kona ya kwanza ikaja. Akaishika mikono yake mwenyewe. Kona ikapita. Baada ya muda akainamisha kichwa upande, akalifumba jicho moja kwa mazoea, na uso wake ukabadilika.

"Kitinda. Mbona inalia hivi? Sauti nzito hivi, imetulia hivi. Chini hailii namna hii."

"Ina nini, Baba? Nirudi?"

"Hapana, hapana. Haina kitu."

"Basi ndivyo inavyolia siku zote," alisema Kitinda, "ukiwa ndani."

Haizimi akasikiliza. Waliizunguka barabara, wakalipita shamba la alizeti na mwenye shamba akawapungia jembe, na safari hii Kitinda ndiye aliyesema watue, kwa sababu baba yake aliomba kona moja zaidi, halafu nyingine, na mafuta yalikuwa yanakwisha.